Mwaka Niliomtafuta Thomas Pengarrick

Babu yangu mzaa baba alikuwa Mwingereza. Sentensi hiyo ina maneno sita tu, na imenichukua zaidi ya nusu ya maisha yangu kuiandika. Shuleni Iringa, wasichana waliponiuliza kwa nini mimi mweupe kiasi kile, niliwajibu kwamba kwetu kuna damu ya Kiarabu. Mwarabu hakuhitaji maelezo. Kila mji mdogo wa Tanzania una Mwarabu wake na duka lake. Mzungu angehitaji maelezo, na maelezo yenyewe yangeanzia kwenye kibanda cha mchimba dhahabu huko Chunya na kuishia kwa bibi yangu, ambaye hakuwahi kufungishwa ndoa na mtu. Nilipokuwa kidato cha pili, Baba alikuja siku ya kutembelewa, na nywele zake za rangi ya ndevu za mahindi makavu, macho ya kijivu, suti ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikasimama. Mwenzangu mmoja akaniuliza, "Neema, yule mzungu ni nani?" Nikasema ni fundi wa mitambo wa misheni, ameagizwa aniletee mzigo. Baba alikuwa hatua tano tu kutoka pale tulipokuwa. Aliweka kikapu chini, akasema kwa adabu kubwa, "Nimeleta mzigo wa mwanafunzi Neema Tomasi," akageuka akaenda zake. Hatukuwahi kulizungumza jambo hilo. Chuo kikuu nikasoma historia, nikaandika insha kali dhidi ya ukoloni, na wahadhiri wakanisifu kwa hasira yangu. Hawakujua kwamba sehemu kubwa ya hasira ile ilikuwa ya kifamilia.

Mwaka jana Baba alifariki. Ndugu walikaa kikao, wakagawana kazi kama kawaida: huyu turubai, yule usafiri, na mimi, kwa kuwa ndiye mwandishi, wakanipa wasifu wa marehemu. Wasifu huanza na kuzaliwa, na kuzaliwa kunataka wazazi. Nikasimama mbele ya jeneza na watu wote wale, nikasoma kwamba marehemu alikuwa mtoto wa Tabu Mwasenga na Thomas Pengarrick, Mwingereza, mchimbaji. Nilinyamaza kidogo ili watu wapate nafasi ya kushtuka. Mama mmoja mzee wa safu ya mbele akamnong'oneza jirani yake, kwa ile sauti ya watu wasiosikia vizuri ambayo hufika mpaka barabarani, "Si tunajua? Asome haraka, jua kali." Ndivyo siri yangu ya miaka yote ilivyopokewa. Tangu siku hiyo mawazo yangu yamekuwa yakirudi kwenye mwaka 2017, Malvern, Johannesburg, mwaka niliomtafuta mtu huyo huyo kwa bidii ambayo sijawahi kumtafutia mtu mwingine yeyote, akiwemo mume.

Nilikuwa na miaka arobaini na miwili, na nilikuwa nimekwama. Neno hilo nalitumia kwa maana yake ya magari. Nilikwenda Johannesburg kusomea shahada ya uzamivu, nikiwa nimeagwa nyumbani kwa sherehe yenye kwaya na mbuzi wawili. Msimamizi wangu akahamia chuo cha nchi nyingine, tasnifu ikabaki na sura mbili na utangulizi mzuri sana, na kibali changu cha kuishi kikaisha. Niliomba kiongezwe, nikapewa stakabadhi. Stakabadhi ile ilisema maombi yangu yamepokelewa na yanashughulikiwa, na kwa mwezi wa kumi na tisa yalikuwa bado yanashughulikiwa. Kwa karatasi hiyo niliruhusiwa kuendelea kuwepo. Sikuruhusiwa kuajiriwa, na kama ningevuka mpaka kwenda kumsalimia Baba, nisingeruhusiwa kurudi. Nyumbani waliamini kwamba nafundisha chuo kikuu. Sikuwa nimewaambia hivyo waziwazi. Niliacha tu kuwasahihisha, kama nilivyozoea kufanya kuhusu ile damu ya Kiarabu.

Nyumba niliyopanga ilikuwa nyuma ya Jules Street, nyumba ya kizamani yenye dari za bati lililochorwa maua, iliyojengwa kwa ajili ya familia moja na sasa ikitunza sita. Chumba changu kilikuwa nusu ya kilichokuwa chumba cha kulia. Walikigawa kwa plaiwudi. Upande wangu ulipata mahali pa kuwashia moto ambapo moto haukuruhusiwa, na upande wa pili ulikuwa stoo ya nywele za bandia za Mama Furaha, ambaye saluni yake ilikuwa sebule ya mbele. Dirisha langu lilikuwa na nondo ndani na nondo nje. Mlango ulikuwa na geti, geti lilikuwa na kufuli, na baada ya hapo kulikuwa na geti lingine la barabarani. Kutoka nje kununua mkate kulihitaji funguo nne. Nikikaa kitandani nilisikia kila kilichosemwa saluni, kwa hiyo mwaka ule nilijua ni mume gani wa Malvern ana mke wa pili Diepsloot, ni mchungaji gani kanunua gari la aina gani, na ni mteja gani amesuka nywele akasema atarudi kesho kulipa.

Mama Furaha alikuwa mtu wa Bukavu, Kongo, mnene, mwepesi wa miguu, mwenye sauti iliyopita kwenye plaiwudi kana kwamba haipo. Alinilisha mwaka mzima. Jumapili alipika bugali, sombe, yaani kisamvu, na ndagala, dagaa wa kwao, akagonga ukuta kwa kiganja mara mbili, na hiyo ndiyo ilikuwa karamu yangu ya wiki. Binti yake Furaha, mwenye miaka kumi na sita, alikula huku anatazama simu. Mama alimsemesha kwa Kiswahili cha kwao naye akajibu kwa Kiingereza na Kizulu, na walielewana vizuri kabisa, pengine kuliko mimi na Baba tuliokuwa na lugha moja.

Wazo la kumtafuta Mwingereza lilinijia kwenye duka la intaneti la Salvator, Mrundi mwembamba aliyepiga picha za pasipoti, kukarabati simu na kuchapa barua za wakimbizi, nami nikimsaidia barua zilizohitaji Kiingereza kirefu. Siku moja nilikuwa namwandikia mteja maombi fulani nikakutana na sheria ya Waingereza: raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola, akithibitisha kwamba babu au bibi yake mmoja alizaliwa Uingereza, anaweza kuomba viza ya kuishi na kufanya kazi huko kwa miaka mitano. Haijalishi kama babu alioa. Lakini awe amezaliwa kule, na awe babu; baba wa babu hasaidii. Nilisoma mistari hiyo mara tatu. Nilimkana mtu yule tangu utotoni, nikamlaani kwa tanbihi na marejeo, na sasa alikuwa mlango pekee usio na kufuli. Ungedhani ningeona aibu. Niliuliza tu kama skana inafanya kazi.

Basi nikaanza. Watu wanaodhani kutafuta ukoo ni kazi ya wazee wa Kizungu wenye paka wajaribu kuifanya kwenye kiti cha plastiki, kati ya mtu anayepigwa picha ya pasipoti na mtu anayegombana na mke wake wa Goma kwa simu ya video. Waingereza, nilikuja kugundua, ni watu wa kuandika. Wamehesabiana kila baada ya miaka kumi, nyumba kwa nyumba, na karani wa sensa akaandika nani alilala humo usiku ule, ana umri gani, anafanya kazi gani, amezaliwa kijiji gani. Wakifa wanaacha wosia, na wosia wenyewe unaandikwa kwenye daftari la nchi. Mimi ninayetoka kwa watu waliokadiria umri wa bibi yangu kwa miaka ya njaa na nzige niliona wivu wa kitaaluma.

Wosia ndio niliopata kwanza. Nilikuwa nalijua jina tu, Thomas Pengarrick, kwa sababu liliandikwa kwenye cheti cha ubatizo cha Baba, aliyebatizwa Yohana. Na nilijua alikufa kwa homa Chunya, Baba akiwa na miaka mitano. Nikaagiza nakala Uingereza, na baada ya wiki kadhaa ikaja kwa barua pepe, kurasa mbili za mwandiko wa kuinama. Kaka yake mkubwa alimwachia saa. Kisha: "kwa Tabu, aliyeniangalia nikiwa mgonjwa na nikiwa mzima, nyumba ninayoishi na vyote vilivyomo, na cherehani, na kwa Yohana, mwanawe, ninayemtambua kuwa mwanangu, zana zangu zote." Salvator alikuwa amesimama nyuma yangu anasoma bila kuombwa. "Voilà," akasema. "Mzee alikuwa muntu muzuri." Nikamwambia huo ni uthibitisho wa uzazi, ndio nilioutaka. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimejiandaa kusoma wosia ambamo Bibi hayumo, na kwamba kutajwa kwa cherehani kulinivuruga. Cherehani ile niliifahamu. Bibi aliitumia mpaka macho yakakataa.

Mama Furaha, kwa upande wake, alifuatilia jambo hili kwa mashaka. "Dada Neema," akaniuliza jikoni, "uko unafanya nini na ile makaratasi kila siku? Unatafuta kazi ao unatafuta bwana?"

"Natafuta babu."

"Alipotea?"

"Alikufa zamani."

"Kama alikufa, iko mu udongo. Unamutafutia mu komputa juu ya nini?"

Nilipomweleza kuwa babu mwenyewe alikuwa mzungu, habari ilifika saluni kabla sijamaliza kuosha sahani. Mteja mmoja alicheka mpaka wakasimamisha kumsuka. "Babu ya muzungu, na eko anakaa na sisi huku kwenye maji inakatika?" Kisha ikaingia dini. Kanisa lao lilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo la zamani mjini, lililokuwa ofisi za bima, na mwezi ule walikuwa kwenye maombi ya kukata laana za ukoo. Kila muumini alitakiwa kuleta majina ya mababu mpaka kizazi cha nne. Wengi hawakufika kizazi cha pili bila kupiga simu Kongo. Mama Furaha akaniomba orodha yangu. Alisema kukwama kwangu kule si bure, lazima kuna mtu wa zamani amenishika mguu. Nikampa, na Jumapili nikaenda naye, kwa utafiti, nilijiambia. Watu mia mbili walisimama wamenyoosha mikono wakiamuru roho ya Pengariki iniachie. Nilitaka kucheka, na badala yake nikajikuta nalia, na Mama Furaha akanipangusa kwa kitambaa chake cha kichwani akiisindikiza laana nje, "Njo inatoka, njo inatoka."

Wiki iliyofuata kilikuja cheti cha kuzaliwa. Thomas Pengarrick, kijiji kimoja cha Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, baba mchimba madini ya bati, mama Mary. Kila kitu kilikaa mahali pake. Salvator alinipigia picha ya pasipoti bure, nikapata miadi kwenye kituo cha viza, siku ya Alhamisi, wiki tano mbele. Nikaanza kutembea Jules Street kama mtu anayeaga. Nilisamehe mashimo ya barabarani. Nilisimama kwenye robot, kama wanavyoziita kule taa za barabarani, nikisubiri taa ya watembeao kwa miguu, jambo ambalo hakuna mtu analifanya Malvern, nikijizoeza Uingereza.

Lakini mwanahistoria ni mtu asiyejua kuacha. Nilitaka na ukurasa wa sensa ya 1901, ili faili lipendeze. Nikaupata asubuhi moja dukani kwa Salvator. Nyumba ya bibi mjane. Bintiye Mary Pengarrick, mumewe hayupo. Na watoto wawili wa kiume, mkubwa akiwa yule wa saa, na mdogo Thomas, umri miaka mitatu. Kwa cheti nilichokuwa nacho, Thomas alipaswa kuwa na miaka saba. Nikapeleka macho kwenye safu ya mwisho, mahali pa kuzaliwa. Bibi: kijiji hicho hicho. Mary: kijiji hicho hicho. Thomas: Johannesburg, Afrika Kusini.

Nikainua kichwa nikatazama nje ya mlango. Mtu alikuwa anasukuma toroli la maboksi. Nikarudi kwenye ukurasa. Nikaamua, kwa utulivu wa msomi, kwamba karani wa sensa amekosea. Hata nikaandika aya nzima kwenye daftari langu kuhusu udhaifu wa sensa kama chanzo cha historia: makarani waliolipwa kidogo, majirani waliojibu kwa niaba ya majirani, wanawake walioogopa kuulizwa. Ilikuwa aya nzuri, na ningeweza kuiweka kwenye tasnifu.

Jumapili nilimsimulia Mama Furaha kama kichekesho. Alikuwa anasonga bugali, sufuria iko sakafuni, mguu mmoja umekanyaga mpini wake isicheze. "Fikiria," nikamwambia, "jina ni lile lile, wazazi wale wale, lakini karani kampunguzia mtoto miaka minne na kumhamishia huku kwetu!" Mwiko ukasimama.

"Karani hakukosea," akasema. "Ule wa kwanza alikufa."

"Wa kwanza yupi?"

"Thomas. Alikufa, wakazala mwingine, wakamupatia jina. Weye haukuzala, hauwezi kujua." Akaelekeza kidevu kwa binti yake, aliyekuwa kwenye simu. "Huyu unaona ni Furaha wa pili. Wa kwanza tulimuzika Kigoma, tukiwa njiani. Huyu alipozaliwa, baba yake akasema jina haliwezi kubakia mu udongo peke yake."

Furaha aliinua macho kutoka kwenye simu, akamtazama mama yake, akayarudisha. Ilionekana anaijua habari hiyo na haipendi. Mimi nilibaki nimeshika bakuli la sombe. Kwetu tunafanya hivyo hivyo. Nina binamu anayeitwa jina la kaka yake aliyekufa kwa surua, na hakuna mtu aliyewahi kunieleza maana hakuna aliyeona haja ya kueleza. Nilikuwa nimesoma mambo ya wazungu kwa muda mrefu kiasi kwamba haikunijia akilini kwamba na wao huzika watoto. Kesho yake nilitafuta kwenye orodha ya vifo. Alikuwepo: Thomas Pengarrick, kijiji kile kile, hakufikisha mwaka. Wazazi walizika, wakapanda meli kufuata dhahabu, wakazaa mtoto Johannesburg wakampa jina. Vita vya Makaburu vilipoanza, mama akawarudisha watoto kwao. Babu yangu alizaliwa pengine mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka kwenye kiti changu cha plastiki, na mlango wangu ulikuwa umefungwa.

Sasa nifike pale ambapo kwa kawaida husimulia haraka. Sikufuta miadi. Nilimwonyesha Salvator, naye alitazama karatasi moja baada ya nyingine, kwa umakini wa fundi. "Dada, cheti ni cha kweli?" Ndiyo. "Wosia ni ya kweli?" Ndiyo. "Na ile ya sensa, nani aliyekuomba uilete?" Hakuna. "Papier ni papier, karatasi ni karatasi," akasema. "Nani ataenda kumuuliza mutoto?" Nilijisikia nafuu mpaka nikaogopa. Nikautoa ukurasa wa sensa kwenye faili. Uliobaki ulikuwa ushahidi safi wa mtu ambaye hakuwahi kuwepo, aliyezaliwa na mwili wa mmoja na kufa na mwili wa mwingine. Palikosekana kitu kimoja tu: hati ya kiapo ya Baba, kwamba baba yake mzazi ndiye Thomas Pengarrick aliyezaliwa Cornwall tarehe ile. Nikaiandika mwenyewe, kwa Kiswahili na Kiingereza, nikaituma Mbeya kwa binamu yangu achape, nikampigia Baba nikamwambia aende kwa mwanasheria atie sahihi. Nilisema ni ya mambo ya chuo. Akasema, "Sawa, mama. Nitakwenda Jumanne, siku ya gari la kwenda mjini." Hakuuliza neno. Alikuwa na miaka themanini.

Mama Furaha aliuliza. "Ile mambo ya babu uliacha?" Nikaanza kujibu kitu kuhusu taratibu, akanikatiza. "Neema. Unataka kupanda ndege na jina ya mutoto aliyekufa?"

"Mama Furaha, yule mtoto alikufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita."

"Ana mama yake."

"Mama yake naye alikufa."

"Hata kama," akasema. "Akuwe amekufa. Ana mama yake." Alikuwa ameniita Neema, bila dada, na kwa wiki mbili hakugonga ukuta. Jumapili nilisikia bugali ikigeuzwa, nikasikia sahani, nikala mkate. Furaha aliniletea bakuli kwa kujiiba, akaliweka juu ya jiwe la pale pa kuwashia moto. "Eish, Aunty," akasema, na kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika akaongeza, "Mama anakasirika sana. Omba tu samahani." Nikamwambia mambo ya wakubwa ni magumu. Akanitazama kama anavyomtazama mtu aliyekosea kutumia simu. Usifikiri sikujua ninachokifanya. Nilikijua vizuri, na bado niliinyoosha nguo ya miadi ya Alhamisi nikaitundika kwenye nondo za dirisha, na kila nilipoamka ndiyo niliyoiona kwanza, ikinizibia hata ule mwanga kidogo.

Jumanne asubuhi, kama saa nne hivi, simu ikaita. Nilikuwa nimekaa kitandani. Upande wa pili wa plaiwudi Mama Furaha alikuwa anapanga nywele zake za bandia, nikisikia pakiti zikichakarika.

"Neema? Ni mimi baba yako," akapaza sauti, kama alivyofanya siku zote, kana kwamba umbali ni suala la mapafu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Niko hapa kwa mwanasheria. Amenisomea karatasi yako yote. Anasoma vizuri, ana sauti ya mchungaji. Sasa amefika mahali panaposema baba yangu alizaliwa Uingereza, nikamwambia angoje kidogo nikupigie."

"Kuna tatizo, Baba?"

"Hakuna tatizo. Ila baba yangu alizaliwa Johannesburg."

Pakiti zikaacha kuchakarika. Mimi nikauliza swali la kijinga kuliko yote niliyowahi kuuliza nikiwa na shahada mbili: "Umejuaje?"

"Mama aliniambia. Kwao walikuwa wachimbaji huko uliko, vita ikawakimbiza, wakarudi Ulaya yeye akiwa mtoto wa kubebwa. Hata jina lile halikuwa lake mwenyewe. Lilikuwa la kaka yake aliyefariki mchanga."

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Hukuniuliza," akasema. Hakulisema kwa kulaumu. Alilisema kama mtu anayetaja saa ya gari kuondoka. Kisha akashusha sauti, jambo ambalo lilinitisha, kwa kuwa sikujua kwamba anaweza. "Sasa nikuulize wewe uliyesoma. Mwanasheria anasema nikitia sahihi hapa naapa mbele ya Mungu. Hiyo karatasi ukiipata, unatoka hapo ulipo?"

"Natoka wapi, Baba?"

"Mahali ulipokwama. Mtu anajua mtoto wake akikwama, hata akiwa anapiga simu anacheka."

Niliitazama ile nguo kwenye nondo. Kisha nikasema, "Ndiyo. Natoka."

"Basi. Mimi ni mzee wa kanisa, lakini kwanza ni baba yako. Ukisema niape, naapa sasa hivi. Mambo ya Mungu niachie, tutazungumza naye mwenyewe, na siyo muda mrefu. Niape?"

Nilimwona kama vile nipo pale: suti ya kaki, kofia kwenye goti, kalamu ya watu mkononi, mwanasheria akitazama saa. Angeapa. Angeapa bila kutetemeka, akatoka, akapanda gari la Chunya, na Jumapili angekaa kwenye benchi la wazee wa kanisa na uongo wangu ndani yake mpaka siku ya kufa.

"Usiape, Baba."

"Una hakika?"

"Usiape."

Nikamsikia akigeuka kutoka kwenye simu. "Mwanasheria, samahani kwa kukupotezea muda," akasema, na sauti yake ya siku zote ikamrudia, ile ya kufika mpaka barabarani. "Binti yangu amekataa." Alilitangaza hilo kama wazazi wengine wanavyotangaza matokeo ya mtihani. Kiti kikaburuzwa, mlango ukafunguka, nikasikia kelele za mjini Mbeya, muuza magazeti, jogoo wa mtu.

"Neema, bado upo?"

"Nipo, Baba."

"Hapo mahali alipozaliwa baba," akasema. "Pakoje? Maana mama hakuwahi kufika, na mimi sijafika. Katika sisi wote, wewe ndiye wa kwanza kupaona."

Nikasimama, nikaishusha nguo kutoka kwenye nondo, nikasogeza uso kati ya nondo mpaka karibu na kioo cha dirisha.

"Kuna vilima, Baba," nikasema. "Vinaonekana juu ya mapaa. Lakini havikuumbwa na Mungu. Ni mchanga waliotoa chini walipokuwa wanachimba, wakaurundika."

"Wa rangi gani?"

"Wa njano. Upepo ukivuma unaingia mpaka kwenye chakula."

Nilimsikia akisogea mbali na kelele za barabarani.

"Endelea," akasema.